Dropu ya Travis Imenichukulia Mume

Edinah Khaemba,
Nyumba za zamani za kaunsili,
Bondeni, Nakuru.

Kwa Bwana Chifu,
Ofisini kwako, mlango ule tunaopangia foleni.

Bwana Chifu,

MINTARAFU: MUZIKI WA DABSTEP, MUME WANGU, NA VITU VINGINE VILIVYOHARIBIKA

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na natumaini barua hii itakupata ukiwa umekwisha kunywa chai, kwa sababu ni ndefu. Mimi si mtu wa kulalamika. Waulize majirani. Nimeishi Bondeni tangu mume wangu, Mzee Khaemba, alipokuwa bado fundi wa injini za reli, na katika miaka hiyo yote nimelalamikia maji, takataka, taa za barabarani, mbwa wa Kahiga na kwaya ya vijana, basi. Kwa hivyo ukiona nimeshika kalamu ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe ni Travis. Huyu ni kijana aliyepanga nyumba iliyo ukuta kwa ukuta na yetu. Alitoka Kiamunyi, kwa wazazi wake, watu wa heshima wenye geti. Ukimuuliza kwa nini mtu anaacha nyumba ya geti na kuja kupanga chumba Bondeni, atakwambia alitafuta nafasi ya kutengeneza muziki. Mimi nafikiri ni wazazi waliotafuta nafasi. Alikuja na godoro moja, kompyuta moja, na spika mbili zenye ukubwa wa friji ambazo ilibidi mlango ung'olewe ndipo ziingie. Muziki anaotengeneza unaitwa dabstep. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna mtu anayetoa jasho. Kila kitu kinatoka kwenye kompyuta. Nimeusikiliza kwa makini, kwa kuwa sina njia ya kutousikiliza, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Muziki huu hauna maneno. Nyimbo zingine za vijana najua namna ya kuzikemea: unasikiliza mstari mmoja, unapata tusi, unashika kiuno, unaanza. Huu nimeusikiliza wiki nzima nikitafuta dhambi na sikupata hata moja. Kuna besi tu, inatetemeka na kujikunja, wuu-wuu-wuu, kama lori lililokwama kwenye matope. Sasa lori utalikemea vipi? Nilipeleka habari kwa Mchungaji, naye akaniuliza wimbo unasema nini. Nikajikuta nimesimama mbele ya wazee wa kanisa nikifanya wuu-wuu-wuu. Mmoja wao aliandika hiyo kwenye kumbukumbu za mkutano.

2. Kungoja. Muziki huu unapanda. Unaanza polepole, ngoma za kompyuta zinakazana, sauti inakwenda juu kama maziwa yanayotaka kufurika, na mtu akishafunga pumzi, kila kitu kinanyamaza. Kimya kabisa. Ndipo besi inaanguka na vikombe vinaruka. Kule kuanguka wanakuita dropu. Nilimwambia Travis kama lazima ianguke basi ianguke mapema tuendelee na maisha, akanijibu, "Mathe, drop haiharakishwi. Lazima wasee wangoje." Wasee ni watu, sisi tukiwemo. Bwana Chifu, mimi ni mtu wa kazi, nina nguo za kuanika. Lakini nimejikuta nimesimama uani na shuka lililolowa mikononi, maji yananitiririkia miguuni, nangoja. Wala siko peke yangu. Wamuyu, jirani anayeuza mboga, huacha kisu katikati ya sukuma wiki. Kahiga, mwenye bucha, huinua panga akalishikilia hewani, na mteja naye anangoja na pesa mkononi.

Siku moja stima ilikatika hapo hapo kwenye kimya. Tokeni za Travis zilikuwa zimeisha. Sijui nikueleze vipi hali ya ploti. Tulikuwa kama watu ambao chafya imekuja ikakataa kutoka. Mtoto aliyekuwa akilia alisahau alichokuwa akililia, ikabidi aanze upya. Mwishowe Kahiga akavua kofia, akaipitisha, na tukafanya mchango wa tokeni, mchango wa kweli, wenye ombi la kufungua na ombi la kufunga. Mimi pia nilitoa. Nilitoa kwa sababu ya nguo. Stima iliporudi, Travis akasema wimbo hauwezi kuendelea ulipokatikia, lazima uanze mwanzo. Tukangoja tena, watu wazima na akili zetu, na besi ilipoanguka Kahiga alimkumbatia jirani ambaye hawasalimiani tangu kesi ya mbwa. Huo mchango sasa ni wa kila mwezi, na wamenichagua mweka hazina bila kuniuliza. Nafanya kazi hiyo vizuri lakini nataka ijulikane kwamba naifanya kwa kulalamika.

3. Vyombo. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa mahali nilipokiweka. Mifuniko ya sufuria inacheza. Meno ya bandia ya mzee, nikiyaweka kwenye glasi, yanatafuna maji. Uji wangu hautoki madonge tena hata nisipoukoroga, kwa sababu jiko lote linatikisika. Mjukuu wangu Shantel amekataa kabisa kujifunza kukoroga. Nikimpa mwiko ananiambia, "Kukhu, si tungoje tu Travis aweke drop?" Mtoto huyu ataolewa siku moja katika nyumba isiyo na dabstep, na hapo nataka serikali iniambie hayo madonge yatakuwa ya nani.

4. Mzee wa Nyumba Kumi. Nilifuata utaratibu, nikapeleka habari kwa Mzee Kipsang. Alikuja akiwa na kofia ya kazi na fimbo, akaingia kwa Travis kumwonya. Nilibaki nje nikingoja onyo. Alitoka baada ya nyimbo tatu, akiwa amevua kofia, akaniambia uchunguzi unaendelea. Sasa anakuja kila Jumanne kuendelea na uchunguzi, na siku hizi anakuja na kiti chake.

5. Kanisa. Mwalimu wetu wa kwaya anaishi upande wa pili wa Travis, kwa hivyo naye ameharibika. Jumapili iliyopita tulifika kwenye Amina ya mwisho. Tukaimba "A", akainua mikono, akatunyamazisha. Tukangoja. Sadaka ikazungushwa na kurudi, sisi bado tumekaa na ile "A" kifuani. Aliposhusha mikono, wanaume wa besi waliiangusha ile sehemu iliyobaki mpaka vioo vikalia, na mama mmoja wa mstari wa mbele akapanda juu ya benchi. Mchungaji alisema hajawahi kuona uamsho kama ule. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, na naapa haukuwa uamsho. Ilikuwa dropu.

6. Nilisema muziki huu hauna maneno. Nafuta. Maneno yapo, na ni yangu. Nina desturi ya kugonga ukuta kwa mwiko na kupaza sauti, "Travis! Punguza hiyo kitu!" Huyu kijana akaweka simu ukutani, akanirekodi, akaniingiza kwenye wimbo. Sasa ukifika pale kwenye kimya, ambapo mtaa mzima umefunga pumzi, ni sauti yangu inayotoka, imekuzwa, imejaa Bondeni nzima: "Travis! Punguza hiyo kitu!" Halafu besi inaanguka, na haijapunguzwa hata kidogo. Nilienda kwake kulalamika kuhusu jambo hilo, akarekodi na hayo malalamiko. Kila nikigomba anapata wimbo mpya. Nikipita sokoni vijana wananiamkia, "Niaje mathe, punguza hiyo kitu," na wananipisha njia kama mtu mkubwa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulalamika isiyoweza kuchezwa kwenye spika.

7. Mume wangu. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Mzee Khaemba alifanya kazi karakana ya reli mpaka zile injini zikamla masikio. Hasikii mlango, hasikii redio, mimi pia hanisikii. Chai ikiwa tayari namgusa bega. Tumezoea. Kila siku baada ya chai ya alasiri tulikuwa tunakaa kibarazani, yeye na kiti chake, mimi na changu, namweleza mambo ya siku naye anaitikia pale pasipostahili. Nikimwambia fulani amefariki anatabasamu. Lakini alikuwa pale, na mimi nilikuwa na mtu wa kumweleza. Tangu Travis aje, mzee akimaliza chai anavaa koti, anaingia nyumba ya pili, na haonekani mpaka chakula kiive. Mtu asiyesikia anaenda kusikiliza nini? Nimemuuliza kwa ishara, akanijibu kwamba kuku wameshalishwa. Bwana Chifu, naongea na kiti kitupu. Reli ilimchukua ujana wake wote na sikusema neno, kwa sababu reli ilituweka mjini na kutulisha. Huu uzee ulikuwa wangu.

Kwa hayo yote naiomba serikali ifanye yafuatayo:

(a) Kila dropu iwe na kibali, na itangazwe barazani mapema ili watu waanike nguo zao kabla.

(b) Besi ipimwe kwa uji. Ikiwa uji unajikoroga wenyewe, sheria imevunjwa.

(c) Uchunguzi wa Mzee Kipsang uchunguzwe.

(d) Spika zote mbili zichukuliwe kabla ya Ijumaa. Kama ofisi yako haina nafasi ya kuziweka, mlima Longonot una shimo kubwa kule juu na sijasikia likitumika. Travis arudishwe kwenye geti la wazazi wake, na Mzee Khaemba arudishwe kibarazani kwangu pamoja na koti lake.

Nisalimie wote hapo ofisini, yule karani wa muhuri, yule askari anayelala mlangoni, na mama watoto wako. Mwambie ile miche ya sukuma aliyonipa imeshika vizuri, ingawa nayo inatikisika.

Ni mimi, mtu nisiyependa kulalamika,
Edinah Khaemba.

Nakala kwa: Mchungaji. Mzee Kipsang, akimaliza uchunguzi.

N.B. Barua hii ilitakiwa iwe na sahihi ya mume wangu pia, kwa kuwa nyumba imeandikwa jina lake. Nikaichukua na kalamu, nikaenda kumtoa kwa Travis. Nilimkuta amekaa sakafuni, amevua viatu, mgongo ameuegemeza kwenye spika na kiganja amekilaza juu yake, kama alivyokuwa akizishika injini kujua zinaumwa wapi. Hakuniona. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukanyamaza. Sauti yangu ikatoka, "Travis! Punguza hiyo kitu!" Mzee akacheka. Hakucheka pale pasipostahili. Alicheka hapo hapo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama asemavyo mtu asiyejisikia, "Rudisha hapo kwa Edinah. Bado ako na ukali wake."

Travis ndiye aliyeniona mlangoni. Akaniambia, "Mathe, mzee hukujanga juu ya hiyo part tu. Anasema hapo ndio huwa anakusikia."

Nilikaa chini karibu naye. Ile spika ina joto, inaingia mgongoni mpaka kwenye meno. Tulirudishiwa pale mahali mpaka nikasahau nguo nje.

Kwa hivyo, Bwana Chifu, barua hii ihesabu kwamba haijakufikia. Ile (a), ile (b), ile (c) na ile (d) zote zifutwe, na mtu akija kwako kulalamika kuhusu Travis naomba umkemee. Nabaki na lalamiko moja tu, kwamba sehemu yangu kwenye wimbo ni fupi mno. Kuna mambo mengi nimemweleza huyu mzee kibarazani tangu masikio yalipokwenda, habari za watoto, za mazishi, za kwamba sikuwahi kuchukia zile nguo zake za grisi. Nimeanza kumrekodia Travis, na anasema zitatoka nyimbo nyingi. Tokeni hazitatosha, kwa hivyo kofia ya Kahiga inakuja ofisini kwako wiki hii. Mimi ndiye mweka hazina.

Na ukija kuona mwenyewe, usinitafute kwangu. Niko nyumba ya pili. Ila usibishe hodi pale kwenye kimya. Ngoja dropu ishuke kwanza.