Mfuniko Mwekundu wa Asubuhi

Jumatatu, 3 Juni 1996. Ikolo.

Mwezi mzima tangu niitwe mke wa Israeli! Nimeamka kabla yake nikamtazama alivyolala, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyeshiba. Kuanzia hapa hadi Matema hakuna mwanamume mzuri kama huyu. Nimemchemshia ndizi, chai nimeitia sukari mpaka kijiko kikasimama. Tukakaa jikoni, magoti yakigusana. Akaanza kunisimulia ndoto aliyoota juu yangu. Juu yangu! Mara mlango wa nyumba kubwa ukalia. Baba mkwe anakwenda chooni.

Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa: mkamwana haonani na baba mkwe. Simtazami, simsemeshi, jina lake silitamki. Hata hapa siliandiki. Siku ya harusi nilijifunika kanga mpaka machoni. Akitokea, najificha. Na njia ya choo inapita mlangoni pa jiko langu! Leo nimejirusha nyuma ya magunia ya mpunga. Chai yote chini. Alipopita nikatoka, Israeli akaendelea, basi katika ndoto hiyo... Mlango ukalia tena.

Wifi Anyes alicheka akishika mbavu. Amesema kaka yake ameoa panya wa ghalani mwenye cheti cha kidato cha nne.

Jumanne, 4 Juni.

Nimemjua adui yangu. Ni kidonge.

Shemeji Hezroni, anayefanya biashara Malawi, alimpeleka Baba kwa daktari wa huko, miguu ikiwa imevimba kama mitungi. Wakarudi na vidonge vya aina mbili. Mganga Evodius wa zahanati, mtu wa Bukoba, alinieleza mimi kwa kuwa ndiye niliyesoma. Kimoja huamuru figo zitoe maji na chumvi, moyo uliochoka upate nafasi. Hicho humezwa asubuhi, ili mgonjwa akojoe mchana na usiku alale. Kingine hulizuia ini kutengeneza lehemu, yale mafuta yanayoziba mishipa. Ini hufanya kazi hiyo zaidi usiku, kwa hiyo na kidonge chake humezwa usiku. Akaongeza kuwa Baba ale ndizi, maana maji yale huondoka na potasiamu. Kisha akaniagiza nimshike mkono nimpime mapigo. Nimshike mkono! Nilicheka mpaka akaudhika. Watu wa mbali hawa.

Mama mkwe haoni vizuri, basi mimi ndiye niliyevitia kwenye vikopo. Mfuniko mwekundu asubuhi, mfuniko wa bluu usiku. Vidonge vyenyewe vyote vyeupe, vidogo, kama mapacha.

Kama mapacha! Ngoja kwanza.

Alhamisi, 6 Juni.

Nimefanya. Nimebadilisha mifuniko tu, cha maji kimezwe usiku. Hakuna dhambi. Vidonge ni vilevile, tumbo ni lilelile. Figo inajuaje kama jua limechomoza?

Ijumaa, 7 Juni.

Asubuhi ya peponi! Mlango haukulia. Israeli amemaliza ndoto yake. Alikuwa anavua ziwani, akavuta wavu, ndani yake kambale mkubwa, na kambale huyo ana uso wangu. Akamrudisha majini kwa huruma. Nimelia kwa furaha.

Jumapili, 9 Juni.

Kasoro ndogo. Njia ya choo ikitoka jikoni inazunguka chini ya dirisha la chumba chetu. Hilo sikulikumbuka. Sasa ni usiku ndipo anapopita, na kila akikaribia anakohoa kwa nguvu, ili mkamwana ajue. Israeli akiniita nuru yake, kikohozi. Akiniita asali yake, kikohozi. Tumecheka tumejiziba midomo kwa shuka. Nadhani tumesikika.

Jumatano, 12 Juni.

Mchana kimya, usiku kimya! Mama amesema Baba siku hizi analala vizuri. Mwili wa mtu una akili, umejizoesha wenyewe. Nimewaza kumweleza Evodius uvumbuzi wangu, pengine auandikie wizara. Israeli ameahidi kunipeleka Matema Jumapili, tukanyage mchanga bila viatu.

Jumapili, 16 Juni.

Hatukwenda Matema. Baba anahema. Anyes amesema ndara hazimwingii tena. Nimesema ni ndizi amezidisha. Anyes amenitazama.

Jumatatu, 17 Juni.

Sasa analala amekaa, ameegemea ukuta. Nimemuuliza Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama dawa anameza. Amesema cha mfuniko mwekundu anameza bila kukosa. Kile cha bluu alikikataa tangu wiki iliyopita. Amesema kinamtoa nje usiku, hakitaki.

Cha bluu.

Niliketi juu ya kinu. Cha bluu ndicho cha maji! Wiki nzima Baba anameza dawa ya mafuta peke yake, na maji yanampanda kifuani. Najua mimi tu. Nikisema, nitarudishwa kwetu Talatala na ng'ombe watadaiwa. Israeli ataniitaje siku hiyo? Hataniita asali.

Jioni nimeirudisha mifuniko mahali pake. Basi, yamekwisha. Kesho asubuhi atameza cha maji bila kujua, na hakuna atakayejua.

Jumanne, 18 Juni.

Hajameza. Amekataa vyote, cha mfuniko mwekundu na cha bluu. Amesema amechoka na vidonge, waacheni watoto wapumzike. Mama amelia. Israeli hakunywa chai. Nimekaa jikoni peke yangu, na mlango ambao nilitamani usilie, haukulia.

Mchana sikuweza tena. Nimekwenda nyuma ya nyumba kubwa, nikageuka nikaipa mgongo, nikapaza sauti. Nimesema Baba, naomba umeze cha mfuniko mwekundu, ni mimi mkamwana wako nakuomba, meza! Anyes aliangusha sufuria. Mkamwana kumpigia kelele baba mkwe! Sijawahi kusikia jambo kama hilo.

Halafu sauti ikatoka ndani, nzito, imekatika katikati kwa pumzi. Ndaga, mwanangu. Amenishukuru!

Mama anasema alimeza. Israeli na Hezroni wamempakia kwenye baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine amemkumbatia kwa nyuma, kwenda hospitali ya Kyela.

Jumamosi, 22 Juni.

Amefariki jana alfajiri. Daktari amesema maji yalikuwa yamejaa mapafuni, wamechelewa.

Wanawake walinishika mkono wakanipeleka kwenye jeneza, sasa naruhusiwa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Sura ni ya Israeli. Mdomo wazi kidogo.

Jumapili, 30 Juni.

Wageni wametawanyika. Nilikuwa naosha masufuria, Mama akaja akakaa karibu yangu. Amesema unajua kwa nini alikikataa kile cha usiku? Amesema siyo kwa ajili ya usingizi. Alikuwa anapita chini ya dirisha lenu, akasikia mnacheka. Akasema mimi mzee gani wa kuwakatiza watoto kila saa, wana mwezi mmoja tu. Bora nisitoke.

Nilisugua sufuria moja mpaka jioni. Sijamwambia Mama. Sijamwambia Israeli. Usiku akinishika naangalia dirisha, na nasubiri kikohozi.

Jumapili, 14 Julai.

Mama ana presha. Evodius amempima leo, naye amempa vidonge vya maji, vya asubuhi. Ameniagiza nivitie kwenye kikopo. Nimekiosha kile cha mfuniko mwekundu, nikalia kidogo, nikavitia. Niliapa mbele ya Israeli kwamba mifuniko sitaigusa tena maisha yangu yote. Hakuelewa, akanibusu.

Lakini asubuhi ndipo Mama anapokwenda gulioni kuuza mchele. Choo cha gulio kiko mbali, na magoti yake yanauma. Nimemwonea huruma sana. Baba angetaka apumzike. Mifuniko siigusi, nimeapa. Nitakisaga tu kile kidonge, nimtilie kwenye uji wa jioni bila kumsumbua kwa maelezo, na asubuhi nimwekee kikoponi kitu cheupe, kidogo, kisicho na madhara. Pipi za mnanaa za dukani zinafanana kabisa. Kama mapacha!