Sahani ya Usiku Niliyokula Asubuhi

Ndugu zangu wa Goma,

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. Nawaandikia mbio kabla wanawake wanaovuka mupaka hawajawafikishia habari.

Munajua mi nakula mara moja kwa siku: saa tatu ya usiku, sahani kama kilima, halafu kitanda. Miaka makumi tatu. (Shule niliacha darasa la pili, lakini viazi vya shamba langu la Bugeshi vilinijengea nyumba.) Juzi muuguzi Claudine alinipima sukari, akatikisa kichwa.

"Muzee, mwili uko na saa yake. Usiku inapunguza kazi, na chakula inabaki kwa damu. Kula asubuhi, kula muchana, jioni kidogo."

"Tumbo yangu haina saa," nikamujibu.

Lakini leo wakwe walikuja kumuomba binti yangu Immaculée kwa kijana wao. Bon, nikasema nitii. Saa tatu ya asubuhi nikakula sahani ile ile ya usiku, yote.

Kwetu baba wa binti anaweka musemaji. Mi nikakataa, nikasema nitajisemea mwenyewe, nimebishana na wachuuzi tangu ujana. Kazi yenyewe ni kukatalia wageni mpaka watoke jasho, ndiyo binti anaheshimiwa.

"Papa, usinitoe rahisi," Immaculée aliniomba. "Mawifi watanicheka maisha yote."

Nikaapa.

Tukaketi. Upepo wa ziwa ukapita chini ya turubai, polepole. Musemaji wao alikuwa na sauti laini, hamalizi. Mwili wangu ukaona sahani imeisha, ukajua ni usiku. Nikajikuta Bugeshi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka shambani, viazi vinaelea juu ya majani, vyeupe kama mayai. Mimi mwepesi, sina uchovu, sina uchoyo. Muchuuzi mumoja akaniomba muzigo.

"Chukua," nikamwambia. "Chukua leo, bila kubishana. Inaanza kuchipuka humu nyumbani."

Vigelegele vikaniamsha. Musemaji wao alikuwa amepiga magoti, anashukuru kwa ile 'chukua' yangu.

"Nilikuwa naota," nikasema.

"Baba mukwe, hata usingizini unatupenda," akajibu.

Nyuma yake, kati ya shangazi za kijana, nani ameketi? Claudine. (Hakuna aliyeniambia ni wa kwao.)

"Muzee," akasema kwa upole, "ile saa ambayo hauna, leo imegonga."

Wageni walipoenda, Immaculée aliingia jikoni. Saa kumi na moja ya jioni ameniletea sahani yangu kubwa. Ndani iko kiazi kimoja, kimechipuka.

Nimekikula. Jua lilikuwa bado halijazama.

Mukitaka kucheka, muchekee huko huko Goma.