Tangi la Saladi, Madungu

Jumapili, 1 Februari
Bi Jawaher kakubali! Ijumaa, kwenye walima, karamu ya harusi ya mwanawe wa kiume, wageni watakula saladi zangu. Arobaini! Zikipendeza, mjomba wangu Bakari atanipelekea posa kwa Bi Jawaher, nimuoe binti yake, Yumna. Zikiharibika, nimekwisha.

Leo nimezitazama mara kumi na moja. Zimekaa kwenye mabomba barazani, bila udongo hata chembe, zinakula mbolea iliyoyeyushwa kwenye tangi. Kipimo changu cha ukali wa mbolea kinasoma 1.6. Kijitabu kinasema hapo ni sawasawa. Sawasawa ya nini? Nataka zinenepe! Nimeongeza vijiko vinne.

Jumatatu, 2 Februari
Jua kali. Maji yamepungua robo tangi. Nimejazia kwa maji yenye mbolea.

Jirani yangu Ghassan, mwenye mabomba mazuri kuliko yangu (makusudi), kachungulia ukutani. Eti maji yakikauka mbolea haikauki, inabaki na kuzidi ukali, kwa hiyo nijazie maji matupu. Hila hiyo! Zangu zishinde njaa, zake zinawiri. Anamtaka Yumna. Ana mke, ndiyo, lakini nani kasema hataki wa pili?

Kipimo 3.1. Vizuri sana.

Jumatano, 4 Februari
Ncha za majani zimeungua. Njaa, naiona kwa macho!

Nimepanda boti hadi Makoongwe kwa shangazi Time, anayekausha mwani, anipe wa kutia mbolea. Shangazi akanitaka niuoshe kwanza, una chumvi ya bahari. Niuoshe nipoteze utamu wake? Nimeuloweka, nikaukamua, ndoo nzima tangini. Kipimo 7.8! Nimekibusu.

Ijumaa, 6 Februari
Zimelala. Zote arobaini, kama matambara.

Nimechagua zenye nafuu, nikazipeleka nimezifunika kanga. Bi Jawaher akaonja jani moja. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ushaitia chumvi kabisa?" Yumna akacheka mpaka akaushika mlango. Wageni wamekula saladi za Ghassan.

Nimeumia. Nampenda yule msichana, na hata kicheko chake kile nimekipenda.

Jumamosi, 7 Februari
Bi Jawaher ana huruma. Kaniletea salamu: nimpelekee saladi moja tu, iliyo hai, kabla ya Ramadhani, naye ataisikiliza posa. Moja!

Ghassan kaja mwenyewe. Kamwaga tangi, kaosha mabomba, kanipa miche sita ya kwake, kapima: 1.5. Akaniambia mpaka Ramadhani nisitie kitu ila maji matupu. Nikamwahidi. Nikamshukuru kwa moyo, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Nimerudi nikakaa na miche yangu saa nzima. Minyonge! Na siku zenyewe kumi tu. Nikatia kijiko kimoja, kimoja hakina neno. Kisha vingine vichache. Nilipohesabu nilikuta vinane, nikaongeza cha tisa, iwe witiri.