Habari za Bwana Nukta na Mkia wa Mshale

Sogezeni viti, enyi mliowahi kuandika barua kwa lugha ya watu, mkaituma, kisha mkakesha mkijigeuzageuza kitandani. Nanyi mlio na haraka, tueni mizigo, maana habari hii haisimuliwi kwa msikilizaji aliyesimama kwa mguu mmoja. Nasimulia habari za Bwana Nukta, karani wa kiwanda cha biskuti, mlinzi wa mafaili, bwana wa mihuri mitatu, ambaye tangu ujana wake hakupata kumaliza sentensi pasipo kuitia nukta kwa kishindo hata karatasi ya pili chini yake ikatoboka. Ndipo akapewa jina hilo. Nasimulia jinsi alivyoingia vitani asubuhi ya Jumatatu, baina ya chai na adhuhuri, akaandika tarehe na saa kwa Kiingereza, zote mbili, sawasawa.

Chanzo cha vita kilikuwa mashine ya kukandia unga. Mashine hiyo, iliyokuwa ikimeza magunia manane kabla ya chai, ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Siku kumi na moja ilinyamaza. Na siku zote hizo unga ulikandwa kwa mikono na wanawake wanne wakiongozwa na Mama Mikono, simba jike wa karai, ambaye mabega yake yalikuwa yamevimba hata akawa anachanwa nywele na binti yake kama mtoto. Mwenye kiwanda, aliyekuwa shangazi yake Nukta, alikwisha kutamka neno lake: mashine isipopona wiki hii, lango litafungwa na kila mtu ashike njia ya kwao.

Fundi aliyeijua mashine ile alikuwa mmoja tu, mgeni kutoka ng'ambo, aliyekuwa akipita mjini kwa siku chache. Wiki iliyotangulia, Nukta alimwandikia aje Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi. Na hapa, wasikilizaji, mniwie radhi nifunike uso, maana karani huyu hodari aliandika kwa mkono wake mwenyewe: 4.30 a.m. Fundi, mtu wa kutimiza ahadi, akafika saa kumi na nusu ya alfajiri, akakuta lango, mbwa na mlinzi. Mlinzi, kwa adabu zake, akakusanya Kiingereza chake chote, akainua vidole viwili, akamwarifu kwamba kiwanda hufunguliwa saa mbili: "Two." Fundi akatazama saa yake, akaona mbili imekwisha kupita kitambo, akatazama lango, akaona bado limefungwa, akapanda gari lake, akaondoka.

Basi Jumatatu hiyo ukaja ujumbe wake kwenye kompyuta. Nukta akausoma kwa sauti ya msiba, akiufasiri neno kwa neno mbele ya Shangazi, na mbele ya dereva wa kiwanda, aliyeegemea mlango akizungusha funguo kidoleni. Dereva huyo aliitwa Mjuaji, na sababu yake si siri.

"Anasema: Nilifika, hamkuwepo. Alhamisi narudi kwetu. Niandikieni siku moja na saa moja, kwa namna isiyoweza kusomwa vingine, kabla ya adhuhuri. Sitaandika tena."

"Basi kazi imekwisha," akasema Mjuaji. "Mwenyewe keshasema saa moja. Mwambie tutamngoja saa moja."

"Amesema saa moja, yaani saa mojawapo," akasema Nukta.

"Ya asubuhi au ya jioni?"

Shangazi akajiweka sawa kitini, akakunja mikono, akanena kama anenavyo jemadari juu ya kilima. "Nukta, mwanangu. Kesho hatuna umeme. Jumatano umeme unarudi saa nne. Basi aje Jumatano, tarehe kumi na mbili, mwezi huu wa pili, saa nne na nusu asubuhi. Nimekulea, nimekusomesha, nimekupa na kiti chenye magurudumu. Sikuombi jambo jingine maishani mwangu. Andika mstari mmoja."

"Na ukikosea," akadakia Mjuaji, "safari hii mlinzi atamwambia nini? Maana vidole anavyo kumi. Mimi nasema hivi: mgeni huyo akitokea hapa kwa wakati wake, nitavaa aproni nikande unga mbele ya kina mama wote."

"Nimekusikia," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa Mama Mikono, mweupe kwa unga hadi viwikoni. Akamsogeza Mjuaji kwa bega lake lililo zima kidogo, akamtazama karani. "Baba, mimi Kiingereza sijui. Lakini mikono yangu iko kwenye karatasi yako. Nenda nayo taratibu."

Ndipo Nukta akavuta pumzi, akakunja mikono ya shati mara mbili mbili, akaisogelea kompyuta kama asogeleavyo mtu lango la ngome.

Adui wa kwanza alikuwa tarehe. "Kumi na mbili, mkwaju, mbili," akaamuru Mjuaji, akichora mstari wa mshazari hewani kwa ufunguo. Kidole cha shujaa kilikwisha kuinuka. Lakini kikasita hewani, maana alikumbuka ya kuwa yako mataifa yatangulizayo mwezi mbele ya siku, na hakuna ajuaye fundi huyu alizaliwa upande upi wa mkwaju.

"Akiisoma kwa kugeuza," akasema Nukta, "atakuja tarehe mbili, mwezi wa kumi na mbili."

Shangazi akahesabu miezi kwa vidole, vyote kumi vikatumika. Mama Mikono akayashika mabega yake.

"Mwezi utaandikwa kwa herufi," akatamka Nukta, na tamko hilo likasikika hadi stoo. Akaishambulia Februari ya Kiingereza, mwezi wenye hila, ambao ndani yake imejificha herufi r ambayo watu huiruka kwa ulimi na kuisahau kwa kalamu. Akaivuta mafichoni, akaiweka mahali pake. Akaiendea Jumatano yao, na humo akakuta d iliyojilaza kimya kama askari handakini, haisemi, haipumui. Akaikanyaga, ikainuka, ikasimama mstarini. Kisha akakumbuka ya kuwa siku kwao hutangulizwa na "on" na saa hutangulizwa na "at", ilhali sisi waungwana tunasema tu Jumatano, saa nne, na mtu anafika. Akaweka hiki, akaweka kile, jasho likamtoka.

Ikabaki saa. Hapo majeshi yakagawanyika.

"Unaongeza sita," akasema Mjuaji.

"Unatoa sita," akasema Shangazi. "Marehemu mjomba wako alikuwa anatoa."

"Shangazi, ukitoa sita kwenye nne unabaki na deni."

"Usinifundishe kuhesabu, we mshika usukani."

Wakabishana hivyo huku dakika zikikimbia, na Nukta, aliyekumbuka aibu ya mlinzi na mbwa, akahisi kichwa chake kikijaa pamba. Akainua macho ukutani kwa kukata tamaa. Palikuwa na saa kubwa ya mviringo, ambayo kwa miaka tisa aliitazama kila siku pasipo kuiona. Mshale wake mfupi ulikuwa umetoka kumi na kuielekea kumi na moja. Na nyuma ya msumari, upande wa pili, mshale huo ulikuwa na mkia mfupi mweusi, nao mkia ulikuwa umekaa baina ya nne na tano.

Nukta akainuka. Kiti chenye magurudumu kikarudi nyuma hadi kabatini.

"Saa hii ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne na nusu," wakajibu wote.

"Mmeisoma wapi? Kichwa cha mshale hakipo kwenye nne." Akanyoosha kidole. "Wao husoma kichwa. Sisi husoma mkia. Mshale ni mmoja. Mkiongeza sita, mkitoa sita, mnazunguka ukuta uleule na kukutana palepale."

Mama Mikono akainamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili. "Kumbe miaka yote hii," akasema polepole, "tumeshika mkia."

Nukta akaketi, akaandika kumi, akaandika thelathini, akaandika herufi mbili za asubuhi, kila moja na nukta yake. Mstari ukatimia. Na hapo, enyi mnaosikiliza, ndipo palipokuwa na vita kuu kuliko vyote. Maana sentensi ilikuwa imekwisha, na kidole chake, kwa mazoea ya miaka ishirini, kikapanda juu kuipiga nukta ya kufungia. Lakini mwalimu wake wa bweni, mtu mkali aliyewapigisha magoti kwa kosa la alama, alikwisha kuwafunza: nukta ya mwisho ya kifupisho hicho ndiyo hiyohiyo ya sentensi, wala hazipangwi mbili pamoja. Shangazi akashika pumzi asijue kwa nini. Na Nukta, ambaye hakuwahi kujinyima nukta tangu kuzaliwa, akakirudisha kidole mfukoni. Kwa mkono wa pili akatuma. Jibu likaja kabla chai haijapoa, maneno mawili tu: imeeleweka, asante.

Jumatano, mkia ulipofika baina ya nne na tano, gari lilisimama langoni. Mlinzi alikuwa ameagizwa asiseme neno lolote; akapiga saluti tu. Hata kufikia adhuhuri mashine ilinguruma, unga ukapanda hewani kama vumbi la farasi wa vita, na Mama Mikono akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, taratibu, akajifunga kilemba mwenyewe.

Mjuaji alijaribu kupenya mlango wa nyuma. "Mashine imepona," akalalamika, "kuna haja gani ya mimi kukanda?"

"Haja ipo," akasema Mama Mikono, akimfunga aproni. "Karai lile pale. Kanda, baba, tukuone."

Shangazi naye akaagiza ule mstari uchapwe kwa herufi kubwa, utiwe kioo, utundikwe chini ya saa ya ukutani, vizazi vijavyo vya makarani viusome. Na hadi leo, kila aingiaye ofisini huonyeshwa jinsi ulivyokwisha bila nukta ya ziada, naye huvua kofia mbele yake: Please come on Wednesday, 12 February, at 10.30 a.m.