Mzigo wa Mama Mkwe Kwenye Gari la Kampuni

Jamani, leo sura yangu nimeiacha kijijini Litapunga. Sijui nitaifuata lini.

Kwa wale ambao bado mnaniuliza ninafanya kazi gani: mimi ni afisa uendelevu. Kampuni yetu inanunua tumbaku, mimi nahakikisha haimalizi misitu. Ni kazi isiyo na saa za kutoka. Nikionekana sokoni Mpanda na mfuko wa plastiki, kesho ni habari. Hata maganda ya muwa narudi nayo nyumbani kwenye mkoba (mume wangu ameshazoea kukuta sisimizi).

Sasa nafasi ya ukuu wa kanda iko wazi. Naitaka mpaka usingizi umenikimbia. Na leo bosi wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, amekuja kutoka Dar kuniona nikiwa kazini kabla hajaamua. Tangu alfajiri situlii. Nimebadilisha blauzi, nimerudia ile ile. Nimempigia simu Mama Kashindye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mpaka amechoka.

"Mwanangu, tulia. Kijiji hakijahama."

Tumefika. Akina mama wamejaa, majiko banifu ya mafunzo, yale ya kuni kidogo, yamepangwa. Nikasimama, nikawaka! Mkaa unamaliza misitu, mkaa unaumiza kifua, mkaa hivi, mkaa vile. Bosi anaitikia kwa kichwa. Ningekaa chini hapo, hii posti isingekuwepo. Lakini sifa zikanipanda.

"Mimi nyumbani kwangu," nikapaza sauti, "mkaa ni mwiko! Ni gesi tu!"

Makofi! Bosi naye akapiga. (Hapo nimeshaanza kupanga rangi ya mapazia ya ofisi.) Niliona akina mama kule nyuma wanatazamana. Nikadhani wameguswa.

Mama Kashindye akasimama kutoa shukrani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru bosi, akampa jogoo. Kisha akanigeukia, kwa upendo kabisa.

"Na wewe mwanangu, ule mzigo wa mama mkwe wako tumeshaufunga nyuma ya gari. Si mnarudi Mpanda? Bodaboda ya nini tena?"

Mnajua huku kwetu. Gari linaloelekea mjini haliondoki tupu, liwe la nani.

"Mzigo gani?" bosi akauliza.

"Mkaa, mama. Ule wake wa kila mwezi."

Tukageuka wote. Gari jeupe la kampuni, mlangoni limeandikwa TUNZA MISITU, na nyuma yake gunia limesimama, limeshonwa vizuri na majani juu. Dereva akaanza kuchunguza mawingu.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Huyo atakuwa mama mkwe wa mtu mwingine."

Mama Kashindye hapendi kuitwa mwongo. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Mama, huyu mkweo anasema mzigo sio wako!"

"Mwambie aulete!" Sauti naijua (naishi nayo). "Maharage kwa gesi yake tutayala siku ya kiama? Na yakiiva kwa mkaa, nani wa kwanza kuongeza sahani kama sio yeye?"

Kijiji kikalipuka. Kuna bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa natabasamu, lakini machozi yalikuwa karibu, maana nilimwona bosi anafunga kalamu yake.

Gunia tulilibeba. Nani angelishusha na mama mkwe bado yuko hewani?

Njia nzima bosi anatazama dirishani. Anayeongea ni jogoo. Tulipoingia mjini nikashindwa kuvumilia.

"Bosi, ile nafasi ndiyo basi tena?"

"Bado unaitaka?"

"Naitaka sana."

"Basi mwezi ujao narudi. Mafunzo tutafanyia jikoni kwako. Mwanafunzi ni mmoja tu, mama mkwe wako. Akiacha mkaa, nafasi ni yako."

Nimefika nyumbani, mama mkwe mwenyewe yuko mlangoni. Amelizunguka gunia, amelipiga piga, anauliza mbona safari hii limekuja limepungua.

Sitaki mtu acheke. Ila kama kuna mwanamke aliyewahi kumfundisha mama mkwe wake kupika na bado yuko kwenye ndoa, aje inbox haraka.