Mlango Uliofungwa Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Wiki hii hakuna wa kunichezea!

Mhariri alipiga simu asubuhi. Kwa upole, ule upole wa daktari wa meno, akasema makala yangu ikichelewa tena Ijumaa hii, safu ya gazetini napokonywa. Safu yangu! Humo nimewachapa mawaziri, wahubiri na wenye mabasi mpaka wakanikimbia misibani. Bila safu mimi ni nani? Mtu anayegombana bure tu.

Nikauliza atapewa nani. Stempu, akasema.

Stempu! Karani mstaafu wa posta, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye kazi yake duniani ni kumwandikia mhariri barua kuhusu mitaro. Mtu anayeandika "mimi binafsi" mara mbili katika sentensi moja.

Mada ninayo: jinsi simu, wageni na porojo vinavyoua akili za watu. Nitawanyoosha. Nimeandika kichwa cha habari. Kizuri. Kisha nikaingia kwenye simu kuhakikisha neno moja, nikajikuta nabishana na mtu nisiyemjua kama mbuzi anaweza kuogelea. Nimemshinda. Jua limezama.

Jumanne, 4 Machi

Adui wa kwanza, simu. Nimempa mke wangu aifungie kabatini, nikamwapisha asinipe hata nikilia.

Adui wa pili, watu. Nimebandika tangazo mlangoni: TAFADHALI USIBISHE HODI. Kufikia adhuhuri wamebisha wengi kuliko wiki nzima iliyopita, wote wakiuliza lile tangazo ni la nini. Muuza maziwa alitaka kujua kama linamhusu na yeye au wengine tu. Dobi akauliza, sasa yeye asipobisha, mimi nitajuaje kwamba amekuja? Nilimjibu kwa hoja nzito. Alianza kunisikiliza akiwa amesimama. Baadaye akaketi.

Simu ikaita kabatini. Nikamuuliza mke wangu ni nani. Hajui, imefungiwa. Nikamwambia afungue, kiapo nimekitengua. Akasema, si ulisema hata ukilia? Mwanamke huyu ana msimamo siku ile tu usiyoutaka.

Nimeandika sentensi moja. Nimeifuta.

Jumatano, 5 Machi

Tangazo nimelibandua. Mbinu mpya: mlango wa mbele ufungwe mchana kutwa, mapazia yashushwe, redio izimwe, watoto wanong'one. Atakayekuja, mke wangu amjibu kupitia dirishani kwamba siwezi kuonana na mtu. Basi.

Akaniuliza, Baba Watoto, watu watafikirije? Nikamwambia ya watu awaachie watu.

Ukimya! Nimeandika ukurasa mzima. Ukurasa wenye meno! Nilipochungulia pazia jioni, nikawaona dobi na muuza maziwa wamesimama barabarani, wanautazama mlango wetu na kutikisa vichwa. Hatimaye. Mtaa umeanza kuheshimu kazi ya akili.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Asubuhi nikasikia viti vinaburutwa sebuleni. Nyumba imejaa! Kumbe kwa mtaa huu, mlango ukifungwa mchana, watoto wakinong'ona, na mke akasema mume hawezi kuonana na mtu, maana ni moja tu: mwenye nyumba yu mahututi. Dobi amewaambia ni figo. Muuza maziwa anasema mapafu. Wageni wamegawanyika kambi mbili na wanabishana kwa sauti za mnadani.

Mama mkwe amefika kwa basi la kwanza, akilia tangu stendi.

Nikatoka kwa hasira kuwaambia mimi mzima kama nyinyi. Kosa! Sijanyoa ndevu tangu Jumatatu na macho yamekuwa mekundu. Mama mkwe akashika kichwa: jamani mkwe wangu amekwisha, hebu sikieni anavyoropoka! Nikafoka. Dobi akawaeleza wenzake kwamba figo zikichoka, hasira hupanda, mnaona wenyewe. Kambi ya mapafu ikarudi nyuma hatua moja. Nikabebwa mzobemzobe kurudishwa kitandani. Mke wangu alisimama pembeni ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtetemeka. Alikuwa analia, nadhani.

Mama mkwe akaketi ananipepea. Nilipotazama vizuri, ananipepea kwa ukurasa wangu! Nikapiga kelele. Akashtuka, akaudondosha kwenye beseni la maji. Wino wote ukaenda.

Stempu naye alikuja. Akanipa pole, jirani, Mungu akujalie nafuu. Kisha akaketi sebuleni katikati ya kelele, akamwomba mke wangu karatasi mbili tatu. Nikamsikia akicheka na wenzake mpaka jioni. Mtu amepewa nafasi ya kuninyang'anya safu, na siku yake anaimalizia kwenye kiti cha watu! Nikamwonea huruma kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri amepiga. Mke wangu amelifungua kabati mwenyewe, akaniletea simu, akasema haya, sasa unaweza kulia.

Mhariri amesikia habari zangu. Pole sana. Nisijisumbue, Stempu amekwishaleta makala, nafasi imejaa, na safu ni yake tangu sasa. Nikamwambia mimi mzima! Akasema wagonjwa wote husema hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Imetoka. Inahusu mtu aliyejifungia ndani ili afanye kazi mpaka mtaa mzima ukaenda kumzika. Imeandikwa sebuleni kwangu, kwenye mkono wa kiti changu, kwa karatasi zangu, figo na mapafu vikipigana kichwani pake! Na "mimi binafsi" imo mara moja tu. Bila shaka kuna aliyemsahihishia. Mke wangu ameisoma kwa sauti mezani. Watoto wamecheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama mkwe, ambaye haondoki mpaka nipone, ameomba asomewe tena pale pa beseni.

Mhariri ametuma ujumbe: nikipata nguvu, ukurasa wa barua za wasomaji una nafasi.

Mke wangu akaniuliza, taratibu, nimejifunza nini, maana mwenzangu ameandika huku watu wamemkalia karibu magotini. Nikamwambia jibu liko wazi, hata mtoto analiona. Kosa langu lilikuwa kufunga mlango mmoja tu.

Nimemwita fundi seremala. Tumebishana mchana kutwa kuhusu bawaba. Kesho asubuhi anaanza kugongelea mlango wa pili, mzito, mbele ya huu wa kwanza. Asubuhi hiyohiyo ndiyo niliyojitengea kuandika barua yangu kwa mhariri. Kuhusu mitaro.

Kichwa cha habari ninacho tayari. Kizuri.