Ndege ya Mafuta ya Kikaango

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake ikae pale mbele, wakuu wa idara, manaibu wa wakuu, makaimu wa manaibu, ndugu wapakia mizigo wa uwanja huu wa ndege, ndugu wanahabari mliokwisha kunywa soda na mnaozisubiri, na kwa namna ya pekee kabisa akina mama wakaangaji wa sokoni mkiongozwa na mama mkwe wangu mzazi, shikamoo mama! (Mama mkwe: "Marahaba. Fupisha, nimeacha jiko.") Itifaki imezingatiwa.

Ndugu zangu, ndege zinachafua hewa, na hili silisemi kwa kusikia, kwani nimefanya utafiti shirikishi mimi mwenyewe, kwa kuruka nchi kumi na moja nikiwa daraja la kwanza, kwa sababu kule mbele moshi huonekana kwa upana wake wa kisera. (Makofi ya makaimu.) Ndipo nikabuni, nikaratibu na nikajipongeza kwa programu hii jumuishi, sasteinebo na yenye rodimapu, ambayo kwayo ndege zetu zitaruka kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, na hewa chafu itapungua kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Hizo nne zinatoka wapi?") Hizo nne ni za tahadhari, ndugu yangu, kaa chini.

Mtakumbuka akina mama kwamba zamani mafuta yenu machafu mlimuuzia fundi sabuni, na karo za watoto zilitoka humo humo. Mimi nikasema hapana, huo ni mtazamo wa chini! Nikawaomba tangu masika mniletee mimi, bure, dumu kwa dumu, na kiwanda kikianza mtalipwa yote kwa mkupuo. Mkaleta! Mmejinyima mpaka watoto wengine wamerudishwa nyumbani, na huo ndio tunaouita ushirikishwaji wa stekiholda. (Vigelegele viwili, vinakatika.) Leo, nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki cha kijani, limesimama tangi la mtambo wenyewe, na pembeni yake rubani wa safari ya kwanza. (Rubani anapunga mkono. Kofia inamfunika macho.)

(Mama mkwe anasimama: "Mwanangu, tumeshukuru. Sasa funua, wamimine hata kikombe kimoja tuone. Mjukuu wangu wiki ya pili hii yuko nyumbani.")

Mama, swali zuri sana, na nitalijibu kimkakati katika awamu inayofuata. Sasa wote kwa pamoja: Anga safi! (Makaimu wanatazamana.) Mnaitikia "mapafu safi", jamani. Anga safi! (Makaimu: "Mapafu safi!") Kikaango! (Sauti kutoka nyuma: "Kitupu!")

Ahsanteni kwa hamasa hiyo. Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru muuza maji wa mtaa wa pili aliyetuazima tangi lake, kwa sharti kwamba tusiligonge, maana analihitaji kesho. Namshukuru dereva wangu kwa kukubali kuwa rubani. Sare hiyo irudi kwa mwenyewe leo leo bila doa. Namshukuru mke wangu mpenzi, ambaye tangu masika hana pa kuanika nguo, kwani madumu yenu yote yamejaa uani kwetu. (Minong'ono.) Na namshukuru fundi sabuni, aliyeridhia kuja jioni hii na lori lake kuyabeba yote, na malipo kunikabidhi mimi binafsi, kwa ajili ya semina ya awamu ya pili huko ng'ambo.

(Viti vinaburuzwa. Akina mama wote wamesimama.)

Jamani, mbona mnanyanyuka? Wimbo bado! Mama, mnaelekea wapi?

(Mama mkwe, mlangoni, anajifunga kibwebwe: "Uani kwako. Madumu yetu tunayarudisha, na fundi sabuni atatukuta sisi. Twendeni wenzangu, geti nalijua, na binti yangu ndiye mwenye ufunguo.")

Dereva! Dereva! Acha kupunga mkono, washa gari tuwawahi!

(Rubani anavua kofia: "Mheshimiwa, tutawawahi na nini? Gari halina mafuta. Kuja hapa si tulisukumwa na hao hao akina mama?")